Uso wa Hajiri: Edmonia Lewis na wanawake wake wa marumaru

Hajiri tunamjua tangu utotoni. Mahujaji wanapokwenda mara saba kati ya Safa na Marwa wanafuata nyayo za mama huyu aliyehangaika kumtafutia mwanawe maji jangwani, na Zamzam ndiyo jibu alilopewa. Waliolelewa na Biblia wamemsoma katika kitabu cha Mwanzo: mjakazi Mmisri wa Sara, aliyezaa na Ibrahimu kwa sababu bibi yake ndiye aliyetaka hivyo, kisha asubuhi moja akatolewa nyumbani na mkate na kiriba cha maji. Awe Bi Hajar wa madrasa au Hajiri wa shule ya Jumapili, ni mwanamke wa Afrika aliyekuwa mali ya mtu.

Katika Smithsonian American Art Museum, mjini Washington, yupo Hajiri mwingine. Huyu ni wa marumaru nyeupe, kimo chake meta 1.3 na kidogo. Ameinua uso juu, viganja vimekutana kifuani, kama anayeomba huku anatembea. Miguuni pake mtungi umelala ubavu, mtupu. Hadi hapo ni yule yule tunayemjua. Kinachomsimamisha mtazamaji ni sura: pua iliyonyooka, midomo midogo, nywele ndefu za mawimbi. Asiyesoma kibandiko atadhani ni binti wa Kigiriki, au mtakatifu aliyetolewa kanisani Roma.

Aliyemchonga, mwaka 1875, ni Edmonia Lewis. Alikuwa Mmarekani mwenye damu ya Kiafrika na ya Waojibwe, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na alihamia Roma akiwa na miaka ishirini na kidogo. Sehemu kubwa ya maisha yake aliyobaki nayo aliyamalizia Ulaya. Basi swali linajiuliza lenyewe: mwanamke mweusi, mzaliwa wa nchi iliyokuwa ikiuza watu weusi, anapata jiwe, anapata uhuru, anachagua kumchonga mjakazi wa Kiafrika. Kwa nini anampa uso wa Mzungu?

Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza, kwamba aliionea haya rangi yake. La pili, kwamba wateja walikuwa Wazungu na mwenye njaa hachagui. La kwanza nalikataa kabisa, na nitaonyesha sababu. La pili lina ukweli ndani yake, ila ukilishika peke yake unamgeuza mchongaji huyu kuwa mchuuzi tu, na kazi zake zinakataa kusomwa hivyo. Fundo hili lina nyuzi kadhaa, na inabidi kuzifuata mmoja mmoja: maisha yake, namna sanamu ya marumaru ilivyokuwa ikitengenezwa, na imani ya zama zile kuhusu weupe wa jiwe.

Lewis alizaliwa karibu mwaka 1844 huko Greenbush, jimbo la New York. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na mama zake wadogo upande wa Waojibwe, waliokuwa wakiuza vikapu na viatu vya ngozi kwa watalii wa maporomoko ya Niagara. Jambo hili dogo naliona zito. Mtoto anayekulia kwenye biashara ya kumbukumbu za watalii hujifunza mapema kwamba mgeni hununua kile alichokuja tayari akikitarajia, na kwamba anayemuuzia hukaguliwa uso sawasawa na bidhaa yake. Kaka yake, Samuel, alikwenda magharibi kutafuta dhahabu, na fedha zake ndizo zilizomsomesha.

Mwaka 1859 aliingia Oberlin, Ohio, chuo kilichosifika kwa kupokea wanawake na watu weusi wakati vyuo vingi vilikuwa vimefunga milango. Januari 1862 wasichana wawili wa Kizungu aliokuwa akiishi nao nyumba moja waliugua baada ya kunywa mvinyo aliowapa, naye akashtakiwa kuwatilia sumu. Kabla kesi haijasikilizwa, watu wasiojulikana walimteka usiku, wakampiga, wakamtupa uwanjani kwenye baridi kali. Aliyemtetea mahakamani alikuwa John Mercer Langston, wakili mweusi aliyesoma chuo hicho hicho. Hoja yake ilikuwa ya kisheria tupu: hakuna aliyepima kuthibitisha kwamba sumu ilikuwapo. Kesi ikaanguka. Mwaka uliofuata akatuhumiwa tena, safari hii kuiba vifaa vya uchoraji, na ushahidi ukakosekana tena, lakini hakuruhusiwa kujiandikisha kumalizia masomo.

Akaenda Boston. Huko Edward Brackett, mchongaji, alimpa mafunzo machache, na Lewis akaanza kufinyanga medali na vichwa vya watu waliopigania kukomeshwa kwa utumwa. Kichwa cha Robert Gould Shaw, kanali Mzungu aliyeuawa mwaka 1863 akiongoza kikosi cha askari weusi wa Massachusetts, kilimpa riziki: aliuza nakala mia moja za plasta. Fedha hizo zilimvusha bahari mwaka 1865. Miaka mingi baadaye, 1878, aliliambia gazeti la New York Times kwamba kwenda Roma alisukumwa, apate mafunzo ya sanaa na apate mahali ambapo hangekumbushwa rangi yake kila saa. Nchi ya uhuru, alisema, haikuwa na nafasi kwa mchongaji mweusi.

Roma ya wakati ule ilikuwa imejaa wachongaji wa Kimarekani. Marumaru ilitoka machimbo ya Carrara, si mbali sana kwa meli. Mafundi wa kuchonga walikuwepo wa kurithishana ujuzi, na gharama zao zilikuwa ndogo kuliko Marekani. Sanamu za kale za kujifunzia zilikuwa kila pembe. Watalii matajiri walipita karakana moja baada ya nyingine kila msimu wa baridi, wakiagiza. Na kulikuwa na jambo jingine: Harriet Hosmer, aliyefika huko tangu 1852, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mwanamke asiye na mume anaweza kumiliki karakana na kuishi kwa kazi yake. Wengine wakamfuata. Lewis alipanga karakana karibu na Piazza Barberini, mahali panapotajwa kuwa paliwahi kutumiwa na Antonio Canova, mchongaji mkuu wa Italia wa kizazi kilichotangulia.

Sasa tuingie karakana, maana bila kuelewa kazi yenyewe swali la uso halijibiki.

Mchongaji wa mpingo, yule unayemkuta Mwenge, Dar es Salaam, amekaa chini ameshikilia gogo kwa nyayo, huanza na tezo moja kwa moja kwenye mti. Kipande kilichoruka hakirudi. Sanamu ya marumaru ya karne ya 19 ilikwenda njia tofauti kabisa. Msanii alianza na udongo laini, aliouviringishia kiunzi cha chuma, akaufunika kwa vitambaa vibichi kila jioni usikauke na kupasuka. Katika udongo ndimo alimofikiri: aliongeza, aliondoa, alibadili. Udongo ukimridhisha, ulimwagiwa plasta juu yake kufanya kalibu, kalibu ikatoa sanamu ya plasta, ngumu na ya kudumu. Hapo ndipo jiwe lilipoingia. Juu ya plasta zilichorwa alama nyingi, na kifaa cha kupimia chenye mkono wa chuma na sindano kilihamisha kila alama hadi kwenye bonge la marumaru: fundi anatoboa tundu mpaka kina kile kile, kisha anaondoa jiwe lililozidi katikati ya matundu. Mwisho tindo nyembamba, tupa, na mawe ya kusugulia vililainisha ngozi ya sanamu.

Njia hii ilikuwa na matokeo mawili. Kwanza, plasta moja iliweza kuzaa marumaru nyingi, kadiri wateja walivyoagiza. Ndiyo sababu vibandiko vya makumbusho mara nyingi vina miaka miwili kwa sanamu moja: kazi ya Lewis inayoonyesha mzee mtengeneza mishale na binti yake ilifinyangwa 1866, na nakala iliyoko Smithsonian ikachongwa 1872. Pili, na hili liliwatia watu wengi wasiwasi, msanii angeweza kutoligusa jiwe kabisa. Wengi hawakuligusa. Walifinyanga udongo, mafundi wa Kiitalia wakafanya yaliyobaki, jina likawa la msanii, na hakuna aliyeona kosa.

Hakuna aliyeona kosa mpaka msanii alipokuwa mwanamke. Mwaka 1863 majarida ya London yalichapisha uvumi kwamba sanamu ya Zenobia, malkia wa Palmyra, haikuwa kazi ya Hosmer bali ya fundi wake. Hosmer aliyafungulia mashtaka, nayo yakakanusha uvumi huo, na mwaka 1864 Hosmer akaandika makala akiwaeleza wasomaji wa Marekani, hatua kwa hatua, namna kila mchongaji wa Roma anavyofanya kazi, wanaume wakiwemo. Alikuwa binti wa daktari, Mzungu, mwenye marafiki wakubwa. Lewis hakuwa na ngao hizo. Alichofanya ni kuchonga mwenyewe kazi zake nyingi, bila mafundi, angalau katika miaka ya mwanzo alipokuwa akijenga jina. Gharama yake ilikuwa muda na mwili: jiwe zito, vumbi, sanamu chache kwa mwaka.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linafunga mlango mmoja. Huwezi kusema kwamba mafundi wa Kiitalia, kwa mazoea ya mikono yao, ndio walioziburuta sura za wanawake wake kuelekea Ugiriki. Pua ya Hajiri aliichagua Lewis katika udongo, akaichagua tena katika jiwe.

Mtindo aliokuwa akiufuata uligawa kazi mafungu mawili. Kulikuwa na sura za watu halisi, vichwa na mabega, ambapo mteja alitaka kufanana. Na kulikuwa na sanamu za dhana: malkia wa kale, mashujaa wa maandiko, watu wa hadithi na mashairi. Hizi ndizo zilizompa msanii heshima. Katika sanamu ya dhana, msanii hakutakiwa kumwonyesha mwanamke fulani wa mtaa fulani. Alitakiwa kuchuja kila kilicho cha mtu mmoja, kovu, umri, uchovu, kabila, abaki na umbo lililokamilika ambalo wazo lingeweza kuvaa. Na umbo lililokamilika, waliamini, lilikuwa limekwisha kupatikana: ni lile la Wagiriki. Uso wa Kigiriki ukahesabiwa kuwa uso usio wa mtu yeyote, kama vile maji yasivyo na rangi.

Hapa ndipo penye kosa la msingi la zama zile, na inafaa kulitaja kwa jina lake. Johann Joachim Winckelmann, msomi wa Kijerumani aliyechapisha historia yake ya sanaa ya kale mwaka 1764, alifundisha vizazi kuona uzuri katika weupe na utulivu wa sanamu za kale. Lakini Wagiriki na Warumi walizipaka sanamu zao rangi. Macho, midomo, nywele, nguo, vyote. Kilichowafikia wazungu wa karne ya 18 ni mawe yaliyooshwa na mvua na udongo kwa karne nyingi, nao wakaugeuza uchakavu kuwa kanuni ya uzuri. Ushahidi haukuwa mbali. Mwezi Aprili 1863, nje kidogo ya Roma, pale Prima Porta, ilichimbuliwa sanamu ya Augusto yenye mabaki ya rangi, iliyoko hadi leo kwenye makumbusho ya Vatikani. Mwaka mmoja nyuma, John Gibson, Mwingereza aliyemfundisha Hosmer hapo hapo Roma, alikuwa ameonyesha London sanamu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, aliyoipaka rangi ya ngozi, macho na nywele. Wengi walichukizwa. Venus aliyepakwa rangi, walihisi, anakuwa mwanamke tu.

Chukizo hilo linafichua siri ya jiwe jeupe. Marumaru isiyopakwa ilimruhusu mtazamaji kuangalia mwili bila kukiri kwamba anaangalia mwili. Mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa kazi ya Hiram Powers, Mmarekani mwingine aliyehamia Italia, Florence, ambaye mwaka 1843 alifinyanga mateka wa Kigiriki akiuzwa sokoni na Waturuki: msichana uchi, mikono imefungwa mnyororo, uso umetulia. Nakala yake ilizungushwa miji ya Marekani kuanzia 1847, maelfu wakalipa kiingilio, wanawake wakalia. Nchi hiyo hiyo, wakati huo huo, ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni 3, wakiuzwa minadani hatua chache kutoka kumbi za maonyesho. Sanamu hiyo ilipofika maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, William Wells Brown, mtu mweusi aliyetoroka utumwani, alikwenda na wenzake kusimama mbele yake na kuweka hapo mchoro wa mtumwa mweusi wa Virginia kuwa mwenzake. Huruma ya umma ilikuwa na rangi, na jiwe jeupe liliificha rangi hiyo.

Huu ndio uwanja alioingia Lewis. Mtu mweusi alikuwa karibu hayumo katika lugha ya marumaru, na alipokuwamo alipiga magoti.

Kazi yake ya 1867, iliyoko Howard University, Washington, inachukua jina kutoka maneno ya tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa, "huru milele". Mwanamume mweusi amesimama wima, ameinua mkono wenye mnyororo uliokatika, mguu umekanyaga tufe la chuma alilofungwa nalo. Nywele zake ni za kipilipili, uso wake wa Kiafrika bila kificho. Kando yake mwanamke amepiga goti moja, mikono imekutana kwa sala. Mtazame uso na nywele: ni wa ukoo mmoja na Hajiri. Rudi kwa mzee wa mishale: baba ana mashavu na sura ya watu wa mama yake Lewis, binti, Minnehaha wa shairi la Longfellow lililopendwa sana wakati ule, ameelekea Ugiriki. Mara mbili, wanaume wenye kabila na wanawake wasio nalo, ndani ya jiwe moja. Kama angekuwa hajui, au hataki, au anaogopa kuchonga uso wa Kiafrika, mwanamume huyu asingekuwapo. Soko nalo halielezi tofauti hii, kwa sababu mteja yule yule ananunua sura zote mbili.

Mwanahistoria wa sanaa Kirsten Pai Buick ametoa maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu kuliko mengine. Anasema Lewis alizifuta alama za kabila kwenye nyuso za wanawake ili kazi isisomwe kuwa picha yake mwenyewe. Fikiri. Angemchonga Hajiri mwenye nywele na midomo kama yake, hakuna mtalii angemwona Hajiri tena. Wangemwona Edmonia. Wangesema, maskini, amejichonga. Wangehurumia badala ya kuhukumu kazi. Mwanamume mweusi wa marumaru hawezi kuchanganywa na mchongaji. Mwanamke anaweza, na angechanganywa.

Kwamba hofu hiyo ilikuwa na msingi, wenzake wenyewe wametuachia ushahidi. Wageni waliokwenda karakana yake waliandika kuhusu nywele zake, kofia yake, rangi yake, mara nyingi kwa maneno mengi kuliko waliyoyapa mawe. Henry James, mwandishi mkubwa, akiwakumbuka wachongaji wanawake wa Roma mwaka 1903, hakumtaja hata kwa jina: alisema mmoja wao alikuwa mwanamke mweusi, na kwamba rangi yake, kwa namna ilivyopingana na malighafi yake, ndiyo iliyompatia umaarufu. Sentensi moja, mtu mzima amekwisha. Hivyo ndivyo walivyomtazama, mweusi mbele ya mweupe, naye alilijua hilo kila alipofungua mlango wa karakana kwa wageni.

Kwa hiyo uso wa Kigiriki ulikuwa kama buibui: vazi linalomruhusu mwanamke kupita sokoni na kufanya shughuli yake bila kila jicho kusimama kwake. Nasema hivi nikijua kwamba wapo watakaouona ulinganisho huu kuwa mwepesi. Lakini ukishaukubali, unaanza kuona ni kiasi gani kimebaki wazi chini ya vazi. Lewis hakuhitaji kumchagua Hajiri. Katika maandiko wapo wanawake wengi wazuri zaidi kwa wateja: Ruthu, Rebeka, Esta. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakimsoma Hajiri kwa namna yao kabisa: mtumwa aliyetumiwa mwili na bwana kwa amri ya bibi, akazaa mtoto wa bwana, kisha akafukuzwa yeye na mtoto bila urithi. Kila shamba la kusini lilikuwa na Hajiri wake. Mwenye kuijua hadithi hiyo hakuhitaji pua ya Kiafrika kuambiwa ni nani amesimama mbele yake na mtungi umekauka. Kuna hata jambo hili dogo: mtoto hayupo. Ismaili hakuchongwa. Mama yuko peke yake na Mungu wake, na jiwe lote ni la kwake.

Nisiifanye hoja hii kuwa safi kupita kiasi. Lewis alihitaji kula. Alichonga pia vitoto vya Kupido, mungu wa mapenzi, nakala ndogo za sanamu maarufu, Musa wa Michelangelo na kichwa cha Augusto kijana, vitu ambavyo mtalii angevibeba nyumbani. Mwaka 1873 alisafirisha kazi hadi California kutafuta wanunuzi, na baadhi zimebaki San Jose, pamoja na kichwa cha Lincoln na vikundi viwili vya watoto, wamelala na wameamka. Vitoto hivyo ni vizuri na havisemi lolote. Hakuna haja ya kuvitafutia siri.

Palipo na jibu zito zaidi kwa swali letu ni sanamu aliyoifanyia kazi miaka kadhaa, yenye uzito unaopita kilo 1,300, akaipeleka Philadelphia mwaka 1876 kwenye maonyesho ya kusherehekea miaka 100 ya Marekani: kifo cha Kleopatra. Malkia wa Misri alikuwa kipenzi cha wachongaji. William Wetmore Story, Mmarekani tajiri wa Roma, alikuwa amemfinyanga mwaka 1858 akiwa ameketi akitafakari kifo, na kumpa sura iliyokusudiwa kuwa ya Kiafrika, jambo lililozungumzwa sana. Tazama maajabu yake: Mzungu alimpa Kleopatra uso wa Kiafrika, na watu wakaona ni ujasiri wa kisanii. Hakuna aliyedhani Story amejichonga.

Lewis alikwenda kwenye sarafu za kale zenye sura ya malkia huyo, akampa pua ile yenye upinde inayoonekana humo. Kisha akafanya kitu ambacho Story na wengine hawakukithubutu. Kleopatra wao anawaza kifo, au anakaribia kifo, au amelala kana kwamba yuko usingizini. Wa Lewis amekufa. Kichwa kimeangukia nyuma na pembeni, mkono umelegea, nyoka bado yuko kwenye kiganja, mwili umeporomoka ndani ya kiti cha enzi chenye vichwa vya sphinksi. Dhana ya ukamilifu ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa, kwamba maumivu yaonekane mazuri, naye aliivunja mbele ya taifa zima. Mhakiki William J. Clark, akiandika mwaka 1878, alikiri ustadi wa kazi na papo hapo akasema madhara ya kifo yameonyeshwa kiasi cha kuchukiza. Nadhani alikuwa ameona sawasawa.

Yaliyoifika sanamu hiyo baadaye ni ya kusikitisha. Ilionyeshwa Chicago mwaka 1878, haikupata mnunuzi wa maana, na kuisafirisha kurudi Roma kulikuwa ghali mno. Ikaachwa. Ikapambwa nayo baa. Kisha mwenye uwanja wa mbio za farasi katika kitongoji cha Forest Park aliinunua kuwa jiwe la kaburi la farasi wake, aliyeitwa Kleopatra. Uwanja ukaja kuwa wa gofu, baadaye mahali pa kazi za kijeshi, halafu kituo cha posta, na sanamu ikabaki pale pale ikinyeshewa. Katika miaka ya 1970 ilihamishiwa kwenye yadi ya mkandarasi huko Cicero, kati ya mashine chakavu. Mkaguzi wa zimamoto aliiona, akaihurumia, na vijana wa skauti wakaisafisha na kuipaka rangi kwa nia njema kabisa. Chama cha historia cha Forest Park kiliichukua. Mtafiti Marilyn Richardson, aliyekuwa akiisaka kwa miaka, akaitambua. Na mwaka 1994 ikakabidhiwa Smithsonian. Ukarabati uligharimu kiasi cha dola 30,000. Ngozi ya jiwe ilikuwa imeliwa na hali ya hewa, na sehemu kubwa ya ulaini aliouacha Lewis haikurudi.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusahauliwa zamani. Mtindo wa Kigiriki ulipitwa na wakati kuanzia miaka ya 1880, wanunuzi wakahamia shaba na Paris. Lewis alifariki London tarehe 17 Septemba 1907, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya St Mary's, Kensal Green. Kaburi lake lilikaa bila kujulikana zaidi ya miaka mia. Jiwe jipya liliwekwa juu yake 2017.

Nilisema mwanzoni kwamba jibu la kuona haya nalikataa, na kwamba nitaonyesha sababu. Mwaka 1870 Lewis alirudi Marekani kwa muda, akamwonyesha Hajiri wake wa kwanza mjini Chicago. Katika mji huo huo, karibu wakati huo huo, aliingia studio ya mpiga picha Henry Rocher na kukaa mbele ya kamera mara kadhaa. Picha zilichapwa kwenye kadi ndogo, zile ambazo watu maarufu wa siku hizo waliwagawia mashabiki na wateja. Ameketi, shali mabegani, kofia kichwani, nywele fupi za kujisokota zimetokeza pembeni, na anamtazama mtazamaji kwa utulivu wa mtu anayejua thamani ya kazi yake. Uso ambao hakutaka watu wautafute kwenye jiwe, aliwapa kwenye karatasi, kwa jina lake, alivyotaka mwenyewe uonekane.

Moja ya picha hizo inamilikiwa na National Portrait Gallery ya Washington. Jumba hilo na Smithsonian American Art Museum yamo katika jengo moja, lililokuwa zamani ofisi ya kusajili hataza za uvumbuzi. Hajiri na aliyemchonga wako chini ya paa moja.